Safari ya Kuitafutia Mlango Saa ya Pasta Byamungu

Nimerudi salama, na kabla hamjanisimamisha tena bombani kuniuliza ilikuwaje, nimeona heri niandike. Nikisimulia kwa mdomo, Mama Sifa hunikatiza, na kwa namna anavyosimulia yeye mjinga huwa ni mimi. Leo kalamu ninayo mimi.

Kwa wale msiosali nasi, shida ilikuwa hii. Pasta Byamungu ana saa ya mkono ya kutia ufunguo, ya chuma, aliyopewa kule Bukavu na mchungaji aliyemwekea mikono. Kila Jumapili huivua, huilaza juu ya mimbari, na huhubiri saa moja, si zaidi. Halafu ile saa ikafa. Mishale ikaganda saa nne na dakika kumi, yaani karibu na wakati anaoanzia mahubiri. Tangu hapo akiitupia jicho, anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bado mapema, na anaendelea. Jumapili ya tatu alianza na Adamu asubuhi, na jua la utosi likatukuta bado tuko jangwani na wana wa Israeli.

Tulijaribu mengi. Kwaya ilisimama ghafla ikaimba wimbo wa kufunga. Akaimba nasi, akatushukuru, akaendelea. Tulimpa saa mpya ya plastiki. Akaiombea baraka na kumvalisha mjukuu wake. Kumwambia mtumishi wa Mungu wazi kwamba anyamaze, hapo kila mzee wa kanisa alikumbuka ana mgonjwa wa kumtazama.

Tungevumilia, lakini lile jengo tunalosalia si letu peke yetu. Tukitoka sisi wanaingia Warundi, nao walikuwa wamesimama mlangoni na ngoma zao Jumapili tatu mfululizo. Kamati ya jengo ikawaita mashemasi pembeni: mkichelewa mara moja tena, zamu yenu inapewa wengine, nanyi mtasali nje, nyuma ya soko. Pasta hatukumwambia. Tulimwonea haya.

Macho yakanigeukia mimi. Mimi ni mshonaji, lakini marehemu baba alikuwa fundi wa saa Kadutu, kule kule Bukavu, na utotoni nilikaa miguuni pake nikimshikia skrubu. Kwa miaka nimejigamba mbele yenu kwamba hakuna saa nisiyoijua, na sasa deni la majigambo likadaiwa. Nilimwendea Pasta nikamwambia, "Baba Pasta, saa yako iko na vumbi, nikuoshee kidogo." Akanipa bila kuuliza swali. Nilijifungia nayo jioni nzima nikitafuta pa kuifungulia, sikupaona. Basi wazee wakaamua niipeleke Lilongwe kwa fundi mwenye vyombo, nirudi kabla ya Jumapili, na nirudi pia na bafle, yaani spika kubwa, ya kwaya iliyokuwa inatengenezwa huko. Wakanipa na msindikizaji, Mama Sifa, mwenyekiti wa kina mama, mzaliwa wa Uvira kwenye ziwa Tanganyika, ili nisipotee. Habari za karatasi za kutoka hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nazirukia, mnazijua kuliko mimi.

Dzaleka hadi barabara kubwa

Tulitoka Jumanne asubuhi kwa kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria. Baiskeli ya Mama Sifa ilitangulia ikapotelea mbele. Yangu ilitoa mnyororo kabla hatujamaliza nyumba za mwisho, na mwendeshaji, mtu mzima mwenye ndevu, akapiga goti kuurudisha. Kwa kumwondolea uchungu nilimwonyesha saa.

Nilimweleza kwa Kichewa changu cha sokoni kwamba zamani mwanaume wa maana alibeba saa mfukoni, kwenye mnyororo, na kwamba ya mkononi ilihesabiwa kuwa bangili ya mwanamke. Ndipo vikaja vita vikubwa vya Wazungu, na askari aliyeshika bunduki akaona hana mkono wa tatu wa kuchokoa mfukoni. Mafundi wakachukua saa ndogo za mfukoni, wakazichomelea masikio ya waya pande mbili, wakapitisha mkanda. Askari walirudi makwao na saa mkononi, na hakuna aliyethubutu kuwaita wanawake.

"Zikomo," alisema yule bwana, yaani asante, akidhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Nilikuwa sijafika kwenye mifuniko. Nikamfundisha kwamba mgongo wa saa ni wa aina mbili tu: ule wa kubana, unaochokolewa kwa kisu kwenye kijishimo cha ukingoni, na ule wa kuzungusha, wenye meno ya kushikia ufunguo. Huu wa Pasta haukuonyesha kijishimo wala meno. Nilimwambia ni jasho la mahubiri lililoganda likaziba kila kitu.

Yeye alichomoa spoku kwenye mfuko wake wa vyombo akaanza kukwaruza ukingo, nami nikishika. Tulikwaruza mpaka Mama Sifa akarudi mbio, kanga mkononi, akiamini nimeporwa.

"Fidele! Mi nilisha fika kwa barabara, minakungojea, we uko huku unafundisha bantu masomo?"

"Tunafungua saa, mama."

"Saa ya Pasta, na spoku ya kinga? Yesu wangu."

Kinga ni baiskeli, kwa msiojua Kiswahili cha kwao. Tukaendelea.

Kutoka barabara kubwa hadi kizuizini

Tulipata gari la wazi lililobeba kabichi. Dereva alikuwa mtu mpole mno, na upole wake ndio uliotuchelewesha. Alisimama kumsalimu shangazi yake. Alisimama kununua mkaa. Alisimama kwenye msiba wa mtu aliyesema hamfahamu vizuri, akatuomba nasi tushuke, maana si vizuri kubaki juu ya kabichi watu wanalia. Tulikaa na waombolezaji saa nzima, tukapewa maharage, na Mama Sifa akaanzisha pambio. Wenyeji hawakuelewa neno moja lakini waliitikia vizuri kuliko kwaya yetu.

Mbele kidogo wachuuzi walikimbilia gari wakiwa na vijiti vilivyopangwa vitu vidogo vikavu. Mama Sifa, ambaye macho yake ya mbali si mazuri na hapendi tuseme, alipiga kelele, "Samaki! Ndagala bakubwa!" yaani dagaa, akanunua kijiti kizima na gari likaondoka. Aliushika mkia wa wa kwanza, akautazama, akautazama tena.

"Fidele. Ndagala iko na masikio?"

Walikuwa mbewa, panya wa shambani wa kuchemsha na chumvi, wanaopendwa sana huku. Dereva alikula kijiti chote kwa furaha, akasema ndio maana anapenda kubeba Wakongo. Mama Sifa hakunena mpaka kwenye kizuizi cha barabarani, na ule ulikuwa mwendo mtulivu kuliko wote wa safari yetu.

Kizuizini askari alitaka kujua nimefunga nini ndani ya leso. "Ichi ndi chiyani?" Nikafungua. Saa kuukuu ya chuma, mikwaruzo mipya ukingoni, imeshikwa na mshonaji mwenye jasho: mwenyewe nisingejiamini. Nikaanza kueleza. Nilianzia kwenye vita vya Wazungu. Nilipita kwenye masikio ya waya, nikaeleza zile za mraba, zile za umbo la pipa na zile za umbo la mto wa kulalia, jinsi mafundi walivyochoka na duara baada ya watu kuanza kuvaa saa ili ionekane. Yule askari alisikiliza nusu ya kwanza kwa shaka na nusu ya pili kwa mateso. Mwisho aliinua kizuizi kwa mkono wake mwenyewe na kutusihi twende.

"We na Pasta muko sawasawa," alisema Mama Sifa tulipopita. "Shida si saa."

Nilinuna hadi Mchesi, mtaa wa Lilongwe.

Mchesi

Tulilala kwa binamu yake Mama Sifa, Esperansi, aliyeolewa na Mmalawi na kuishi Mchesi mwaka wa sita sasa. Alitupikia nsima, ugali wa huku, na vidagaa vya ziwa la huku, usipa. Mimi nilikula kwa shukrani. Mama Sifa alimwinua mmoja kwa vidole viwili.

"Hii ni ndagala?"

"Ni usipa, dada."

"Ni ndagala yenye ilipotea njia. Nipe mafuta ya mawese."

"Mawese nitatoa wapi huku?"

Aliinuka akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikihamishwa. Baada ya muda usipa walirudi mezani wamekaangwa upya kwa nyanya na pilipili, na mume wa Esperansi, aliyekwisha kula, alikula tena. Halafu naye akataka kuifungua saa. Alileta kisu cha kumenyea muhogo. Nilimwambia aache, akasema yeye amefungua makopo ambayo hayana ufunguo. Kisu kiliteleza kikakata kitambaa cha meza, na Esperansi akatutuma sote kulala.

Sikulala vizuri, niwaambie ukweli. Baba hakuwahi kuniambia juu ya saa isiyofunguka, na nilianza kufikiri kwamba huenda baba mwenyewe alikuwa anajua aina mbili tu.

Kawale

Jumatano tulikwenda kwa miguu hadi soko la Kawale, tukaulizia fundi wa saa, tukaelekezwa kwa mmoja, tukamkuta anauza viatu. Yeye akatuelekeza kwa Bambo, yaani Bwana, Gondwe, mzee wa Karonga, kule mpakani na Tanzania, ndiyo maana Kiswahili anakijua. Meza yake ni ndogo, imebanwa kati ya mtengeneza baiskeli na mama mkaanga mandasi, maandazi ya huku. Alikuwa na lensi jichoni, na hakuiondoa kutusalimu.

Nilimkabidhi saa na kumweleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba mfuniko umeshikwa na jasho la muda mrefu. Aliigeuza. Akaitazama ile mikwaruzo ya spoku na kisu, akaigusa mmoja mmoja kwa ukucha.

"Nani kakwaruza hapa?"

"Watu mbalimbali," nikasema.

"Walikuwa wanatafuta nini?"

"Mfuniko."

Hapo ndipo lensi ilipomdondoka jichoni. Alicheka mpaka mtengeneza baiskeli akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa kwa Kichewa, akacheka, akamweleza mama wa mandasi.

"Bwana," akasema mzee akijifuta macho, "saa hii haina mfuniko. Haijawahi kuwa nao. Mmesafiri na kukwaruza ukuta mkitafuta mlango."

Akatueleza, nami kwa mara ya kwanza katika safari nilinyamaza. Saa ina maadui wawili, alisema, maji na vumbi, na wote huingilia kwenye kiungo. Watengenezaji walihangaika miaka mingi. Walianza na mgongo wa bawaba kama wa saa za mfukoni, wakaja wa kubana, wakaja wa kuzungusha wenye mpira ndani, na bado maji yalipata njia. Mwishowe wengine wakauliza: kwa nini tuweke mlango, kisha tupigane na mlango? Wakachonga bakuli la chuma kipande kimoja. Mashine huingizwa kwa juu, kioo kinabanwa juu yake, basi. Kuifungua lazima upite usoni.

"Na kile kifundo cha kutilia ufunguo?" nikauliza. "Si kijiti chake kimeingia kwenye mashine? Itatokaje?"

Alinitazama vizuri zaidi. "Wewe umekaa karibu na fundi."

"Baba yangu," nikasema. 

"Basi tazama." Alikishika kifundo kwa koleo akakivuta kwa nguvu. Kikatoka, tak!

"Yesu! Amevunja!" Mama Sifa alishika kichwa. "Amevunja saa ya mutumishi!"

Hakuwa amevunja. Kile kijiti hutengenezwa vipande viwili vinavyoshikana, na ukivuta vizuri vinaachana bila kuumia. Kikabaki kitundu ubavuni mwa saa. Bambo Gondwe akaazima pampu ya baiskeli kwa jirani, akaweka mdomo wa pampu kwenye kile kitundu, akafunika uso wa saa kwa kitambaa na kumwambia mtengeneza baiskeli apige polepole. Upepo ukiingia ndani, alisema, hauna pa kutokea isipokuwa kwa kukisukuma kioo.

Pampu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mama Sifa, aliyetaka kuona, akainua kitambaa. Ya tatu, kioo kikaruka.

Tulikisikia lakini hatukukiona. Tulitafuta chini ya meza, ndani ya viatu vya watu, kwenye kilemba cha Mama Sifa, ambaye alikataa kupekuliwa kisha akapekuliwa. Mama wa mandasi ndiye aliyesema kwa utulivu kwamba kimeingia kwenye beseni lake la unga. Beseni lilikuwa limejaa unga uliokwisha kuumuka. Mama Sifa akakunja mikono akaingia nao hadi viwiko, akakanda, akaomba, akakanda, na akakiinua kile kioo juu akipiga vigelegele. Baada ya mikono hiyo ule unga usingeuzwa kwa mtu mwingine. Ilibidi tuununue wote na kungoja ukaangwe, na mandasi hayo ndiyo mliyokula ninyi Alhamisi mkiyasifu.

Ndani ya saa hapakuwa na ubaya wowote. Mafuta yalikuwa yameganda kwa uzee, basi. Bambo Gondwe aliiosha, akatuambia turudi asubuhi, na asubuhi tukaikuta inapiga. Aliniwekea sikioni kabla ya kunipa mkononi. Baba alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Kurudi

Alhamisi tulichukua bafle, kubwa kama mbuzi aliyelala, tukapanda gari la mtu aliyekwenda Mponela kwa njia yetu. Niliitaka saa ikae mkononi mwangu. Mama Sifa akakataa.

"We na ile saa, njiani utaanza tena kufundisha. Na bezi baiko bengi. Mi najua pa kuificha."

Akaifunga kwenye leso, akafungua mgongo wa bafle ambao skrubu zake zilikuwa mbili tu, akaitia ndani kabisa, nyuma ya spika, akafunga. Hakuna mwizi duniani atakayetafuta saa humo, alisema, na kwa hilo alikuwa na haki. Bafle nayo tuliikalia kwa zamu hadi nyumbani. Kizuizini yule askari alikuwa kazini. Aliponiona aliinua kizuizi tukiwa bado mbali.

Jioni niliilinganisha saa na simu yangu. Baada ya kula nikaitazama tena: ilikuwa imekwenda mara mbili ya simu. Nikampigia Bambo Gondwe.

"Mliiweka wapi?"

Nikamwambia. Nikasikia anamweleza mtengeneza baiskeli, halafu nikasikia vicheko viwili.

"Nyuma ya spika kuna sumaku kubwa, bwana. Ule waya mwembamba unaopumua ndani ya saa umeshikana, ndiyo maana inakimbia. Ileteni. Ni kazi ya dakika moja."

Dakika moja, na safari ya siku tatu. Kabla ya Jumapili zilibaki siku mbili tu.

Jumapili

Jumamosi niliwaambia wazee wa kanisa kila kitu, hata habari ya spoku. Niliona aibu sana. Mtoto wa fundi hapaswi kumrudishia mtu saa inayokimbia, na baba angekuwa hai angenizaba kofi.

"Inakimbia kwa kiasi gani?" akauliza mzee mmoja.

"Saa moja yake ni nusu saa ya watu."

Wakatazamana.

"Mi naona," akasema yule mzee polepole, "tuirudishe kwa fundi mwaka kesho."

Mikono yote ikapanda. Wa Mama Sifa ulipanda mara mbili.

Basi Jumapili Pasta alivua saa, akailaza, akahubiri juu ya mwana mpotevu. Mpotevu aliondoka, akalisha nguruwe, akarudi, akachinjiwa ndama, na Pasta akaitupia saa jicho na kusema amina. Hakuna aliyeitikia, tulikuwa tumepigwa na butwaa. Warundi walipofika walikuta tumekwisha kufagia. Mzee wao alinishika mkono, akaniachia, akanishika tena.

Nilikuwa nakunja nyaya za bafle Pasta aliponiita nimsindikize nyumbani. Njiani akaninyoshea mkono wenye saa.

"Fidele, hii saa inakimbia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza habari ya sumaku, akanikatiza.

"Miaka yote hii niko nayo kwa mukono, ningekosa kujua? Hata siku ilikufa nilijua."

"Ulijua, Baba Pasta? Sasa juu ya nini ulikuwa unaendelea?"

"Kila nikisema 'namalizia', munapiga Amina ya nguvu, jengo inatetemeka. Nikasema, bantu bangu baiko na kiu ya Neno, ntabaacha namna gani? Hata Barundi banasimama kwa mulango banasikiliza."

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ile Amina tuliipiga kwa kusikia neno "namalizia", na kwamba Warundi walikuwa wanangoja jengo, ambalo lilibaki kidogo tu tunyang'anywe.

Alisimama katikati ya njia. Nilidhani nimemuumiza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika magoti, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sijawahi kumpenda mzee yule kama wakati ule. Alipopata pumzi akapandisha suruali akanionyesha miguu, imevimba juu ya viatu.

"Angalia. Kila siku ya Mungu, kwa mimbari, nilikuwa naomba mutu mumoja tu asimame atoke, nipate sababu ya kunyamaza. Hakuna mwenye alitoka. Mukanitazama tu."

"Tulikuwa tunakuheshimu, Baba."

"Na mi nilikuwa nabaheshimu."

Nikamwambia nitairudisha Lilongwe hata kesho, fundi aipunguze mwendo. Aliivua, akaiweka sikioni, akasikiliza inavyokwenda mbio, akaivaa tena.

"Hapana," akasema. "Acha ikimbie. Hata mi nilikuwa nasikia njaa."